Uzi wa mizizi korofi: nanaa, hosradishi na wenzao, wapande kwenye vyombo (kwa wenye alotimenti Uingereza, na wa nyumbani karibuni)

BiShamba

Wakuu kwema? PM yangu imejaa maswali yale yale tangu ndugu zetu wa huku Uingereza waanze kukabidhiwa ploti za alotimenti, kila mtu nipande nini nipande nini, na kwenye orodha ya kila Mswahili wa kwanza ni nanaa. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nafungua uzi, aje mwenye swali na mwenye kubisha aje pia.

Kwa mlio nyumbani: alotimenti ni kipande cha ardhi, mara nyingi cha halmashauri, unalipia kwa mwaka ulime mboga na matunda ya kula na familia. Ploti nzima ya kizamani ni kama mita za mraba 250, siku hizi wengi tunapewa nusu au robo maana foleni ni ndefu. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyozibana halmashauri zitenge ardhi watu wakiihitaji. Sasa kitu cha kujua ni kwamba ploti na ploti hazina ukuta, kati yako na jirani kuna kinjia cha majani cha kupitisha toroli basi, na mizizi haijui kinjia. Mikataba mingi ina kipengele cha kutomsumbua jirani, mmea wako ukiibukia kwenye vitunguu vya mtu barua ya kamati utaipata.

Kuna mimea juu haina ubaya wowote, ubaya wote uko chini. Nanaa, hosradishi, rasiberi, komfrei, atichoki ya Jerusalem, mianzi. Dawa yake inajulikana, panda kwenye chombo. Ila hapo ndipo watu wanapolala, wanadhani ukishaweka kwenye chombo umemaliza kazi. Hujamaliza. Chombo kinamchelewesha tu nanaa, na asipohudumiwa atatoka, na njia zake za kutokea nazijua tatu: tundu la chini, ukingo wa juu, na kwenye uchafu unaoutupa mwenyewe.

Tundu la chini ndilo maarufu. Chungu kimekaa juu ya udongo, mzizi unatoka kwenye tundu la kutolea maji unaingia ardhini na wewe huoni kitu mpaka siku unakinyanyua chungu hakinyanyuki. Kwa hiyo chungu kikae juu ya slabu ya zege au matofali, kisigusane na udongo, na kila ukimwagilia unakizungusha kidogo. Kikigoma kuzunguka ujue ameshashuka. Ukingoni ni zile shina ndefu zinazolala, nanaa shina lake likigusa udongo wenye unyevu linatoa mizizi pale pale kwenye kifundo, ndani ya wiki chache tu. Zikate mapema, na chungu usikijaze udongo mpaka mdomoni, acha kama sentimita 5 hivi.

Hiyo ya uchafu tutaijadili mbele, ndiyo inayowamaliza wengi.

Nawasilisha.

KakaMkimya

Naweka kambi hapa. Picha dada, uzi wa bustani bila picha haunogi.

NdooYaRangi

Dada BiShamba mimi niko Tabata ghorofa ya tatu, nanaa yangu iko kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 hapo barazani na kila nikipanda inakufa, afu wewe unalalamika inasambaa?? Hebu nitumie hiyo ya kwako bana

BiShamba

Hahaha NdooYaRangi pole. Nanaa kwao ni sehemu za ubaridi na unyevu, kandokando ya mito na mitaro. Ya kwako shida inaweza kuwa jua la mchana linaipiga ndoo ubavuni, udongo unachemka na mizizi yake ipo juu juu tu kwa hiyo inapikwa. Sogeza mahali panapopata jua la asubuhi tu. Halafu angalia chini, hiyo ndoo umeitoboa? Ndoo ya rangi isiyotobolewa inakuwa kisima, juu udongo umekauka chini kuna tope linanuka, mizizi inaoza na wewe unaona majani yananyauka unaongeza maji. Toboa matundu ubavuni karibu na kitako. Na wala usihangaike na mbegu, nunua fungu sokoni, chagua vijiti ambavyo havijalegea, toa majani ya chini weka kwenye glasi ya maji, mizizi ikitoka unapanda. Chombo kipana ni bora kuliko kirefu, hata beseni lililopasuka linafaa sana.

Kwako ghorofani isambae iende wapi? Wewe huna shida yangu.

MzeeWaKuzika

Salaam. Mimi nina ploti huku kaskazini ya Uingereza kabla wengi humu hamjaja, na nabisha. Chungu juu ya slabu wakati wa kiangazi ni utumwa, kinakauka asubuhi na jioni, na sisi wengine ploti iko mbali na nyumba hatuwezi kwenda kila siku. Mimi nachukua ndoo kubwa ya fundi, nakata kitako chote na msumeno, nazika ardhini, nanaa ndani. Unyevu anaupata chini mwenyewe, jalidi haimsumbui kwa sababu udongo unamkinga. Mizizi ya nanaa haiendi chini sana, inatambaa pembeni, inagonga plastiki inarudi.

BiShamba

Shikamoo mzee. Hoja ya maji nakubali kabisa, na kama mtu anafika ploti mara moja kwa wiki basi njia yako inamfaa kuliko yangu. Ila naomba niongeze masharti maana watu wataiga nusu. Kwanza ukingo wa ndoo ubaki juu ya udongo, vidole vitatu au zaidi, ukiuzika ukalingana na udongo mvua mbili tatu inarundika matope shina linapita juu kama hakuna kitu. Pili ndoo iwe na kina, sio kibeseni. Tatu hiyo ni ya nanaa tu. Mtu asije akasoma hapa akaenda kumpanda hosradishi kwenye ndoo isiyo na kitako, atakuwa amemtengenezea bomba la kushukia.

Na huko chini huoni. Mimi napenda niione mizizi.

MzeeWaKuzika

Marahaba. Hosradishi simo, huyo nimemwona kwenye ploti ya jirani yangu, walichimba na uma wa kuchimbia mpaka wakachoka, mwaka uliofuata akarudi kila sehemu uma ulipopita.

MuscatKwaBaba

Assalaam aleikum. Mie nipo Muscat, hapa nanaa ndo chai yenyewe, mtu akija nyumbani usipomtilia nanaa anakuona vipi. Mama kaipanda kwenye masinki mawili ya zamani ya kuoshea vyombo, yale ya kauri nyeupe, kayaweka chini ya mtende karibu na bomba la kutawadhia, basi kila anayechukua udhu maji yanateremkia humo. Miezi ya joto kali anatandika gunia bichi juu. Skwambii, majani mpaka tunagawa mtaa mzima. Suali langu, kwa nini kila baada ya muda majani yanakuwa madogo na shina gumu kama kuni? Maji yapo, mbolea ipo.

BiShamba

Waaleikum salaam. Masinki hayo huku watu wanagombania, tundu moja tu na liko mahali unaliona, mwambie mama ana akili.

Majani madogo ni msongamano. Nanaa ndani ya chombo kila mwaka anatuma mizizi kwenda nje, anagonga ukuta, anazunguka, anagonga tena, mwishowe kati kati anakufa na pembeni panajaa. Ukimtoa mzima mzima utaona udongo hakuna tena, kumebaki mviringo wa mizizi myeupe imesokotana mfano wa tambi zilizosahauliwa kwenye sufuria. Hapo hata ukimwaga mbolea inapita tu. Mtoe, mkate na kisu cha mkate vipande vinne, chukua kipande kimoja cha pembeni chenye machipukizi, weka udongo mpya na mboji, rudisha. Huku tunafanya mwezi wa 3 anapoanza kuamka, kwenu fanyeni joto likishapungua. Kazi hii ndiyo inayomfanya asitamani kutoka pia, chombo kikiwa na nafasi hasukumi sana kwenye matundu.

Akigeuza majani akaona vidonda vya rangi ya chungwa upande wa chini hiyo ni kutu ya nanaa, fangasi, inakaa kwenye mmea wenyewe na udongo wake. Atoe yote, aoteshe mche mpya kwenye udongo mpya, asirudishe kwenye chombo hicho kabla ya kukisugua.

Na usichanganye nanaa aina mbili chombo kimoja, mwenye nguvu anammeza mwenzake, ile ya chai ikishamezwa unabaki na ile ya harufu ya dawa ya meno.

KakaMkimya

Hosradishi ndo nini sasa? Isije ikawa mlonge?

BiShamba

Hapana, mlonge ni mti. Hosradishi ni mzizi, ukoo mmoja na haradali na kabichi, mweupe ndani, ukiukuna unatoa ukali unaopanda puani mpaka machozi. Waingereza wanakula na nyama ya ng'ombe ya kuoka, mimi nachanganya na mtindi na ndimu naweka pembeni ya nyama choma na sirudi tena kwenye pilipili ya chupa. Ukali unakuja ukishauvunja, mzizi mzima haunuki kitu, ukikuna ndipo unawaka, ukitia siki unasimama palepale ulipofika. Kwa hiyo anayetaka mkali asubiri dakika chache ndipo atie siki, asiyeweza atie mapema. Fungua dirisha. Usiusogezee uso.

Sasa yeye ndiye mkorofi kuliko nanaa kwa maoni yangu. Mzizi mkuu unazama nusu mita na zaidi, unakatika kirahisi, na kila kipande kilichobaki ni mche. Ndiyo maana kulima pale alipokuwa ni kumpanda upya. Chombo chake kiwe kirefu, pipa la taka la plastiki la zamani lile la mfuniko, lita 80 au 90, linatosha. Matundu usitoboe kwenye kitako, toboa ubavuni sentimita chache kutoka chini, mviringo mzima, na pipa likae juu ya slabu. Faida yake ni kwamba mzizi ukichungulia unauona na unaukata na mkasi, na maji yanatoka vizuri. Udongo uwe laini usio na mawe, ukiwa na mawe mizizi inagawanyika unavuna vidole vidole vya kumenya mpaka uchoke. Mwezi wa 3 unachukua vijiti vya mzizi unene wa penseli, urefu wa kiganja na zaidi kidogo, unasimamisha vitatu, upande uliokuwa juu ubaki juu, kichwa kifunikwe na udongo. Basi. Majani yanakuja makubwa, viwavi vya kipepeo mweupe wa kabichi wanayapenda, usiwahurumie.

Kuvuna ndiyo raha ya pipa. Majani yakishapigwa na jalidi yakalala, tandika turubai, liangushe pipa lote juu yake, udongo unatoka na mizizi yote unaiona kwa macho, hakuna uma hakuna kubahatisha. Minene jikoni, myembamba unaifunika kwenye mchanga wenye unyevu ndiyo mbegu ya mwakani. Udongo ule usiurudishe kwenye matuta mengine, una vipande usivyoviona, urudi ndani ya pipa.

SangariHater

Wadau niko Kiambu, hii maneno ya kuweka mmea kwa ndoo naielewa lakini mimi problem yangu ni kinyume, adui yuko nje. Nimeweka sukuma na dania kwa magunia juu ya karatasi ya plastiki na bado ndago imetoboa karatasi ikaingia kwa gunia kutoka chini. Sangari nayo imetambaa kutoka kwa fence. Sasa nani amefungiwa hapo, mimi ama wao?

BiShamba

Umenikumbusha mbali. Ndago ncha yake inachipua kama sindano na karatasi ya plastiki inapita kweli, sio kwamba ulinunua mbovu. Na jembe halisaidii, chini kuna vile vidonge vimeunganishwa mnyororo, kimoja kikiwa hai vingine vinalala, ukija na jembe ukakata mnyororo umeviamsha vyote. Hapo nyanyua magunia yakae juu ya mbao au matofali na hewa ipite chini, uweze kufagia na kukata kila kinachojitokeza. Ndago haipendi kivuli, viazi vitamu au maboga yakifunika ardhi vizuri inadhoofika, haiishi lakini inadhoofika. Sangari ni rahisi kidogo kwa sababu inatambaa juu juu, mtaro wa kina cha jembe kwenye fensi na kuukagua mara kwa mara unaipunguza.

Hata huku chungu kilichokaa juu ya udongo tunaingiliwa kutoka chini, kuna gugu moja lenye majani kama brashi ya chupa mizizi yake inafika mita 2 kwenda chini, huyo huwezi kumchimba, unaishi naye.

NdooYaRangi

Nimetoboa ndoo, maji yaliyotoka yananuka Mungu wangu 😂 asante dada

MpangajiWaPeckham

Naomba kuuliza, mke wangu anataka mianzi kwenye ploti iwe uzio, pia kuna jamaa kaniambia atanipa mche wa ile notiwidi ya Kijapani eti maua yake mazuri, niweke kwenye pipa. Ni sawa?

BiShamba

Ndugu yangu huyo wa pili usimpokee hata kwa pipa la chuma. Nasema kwa herufi kubwa HAPANA. Notiwidi (Japanese knotweed) ni gugu linaloenea kwa mizizi, kipande cha mzizi cha sentimita moja mbili kinaota. Kuupanda ukaenea porini ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori na mashamba ya 1981, na udongo wenye mizizi yake ni taka inayodhibitiwa chini ya sheria ya mazingira ya 1990, maana yake hutupi kwenye pipa la bustani wala hubebi na gari lako ukamwage popote. Mtu akiuza nyumba huku fomu ya TA6, ile anayojaza muuzaji kueleza habari za nyumba yake, inamuuliza waziwazi kama upo kwenye kiwanja. Ulikuja Ulaya kama ua la bustani karne ya 19 watu wakausifia kama jamaa yako anavyousifia. Na huyo jamaa kama anao kwenye ploti yake kamati inatakiwa ijue leo.

Mianzi ipo ya aina mbili, inayojikusanya na inayokimbia. Inayojikusanya kama Fargesia unaweza kuishi nayo kwenye pipa pana. Inayokimbia, Phyllostachys, inapasua chungu cha plastiki, nimeiona imefanya hivyo. Ila kabla ya yote soma mkataba wako, alotimenti nyingi hazitaki uzio wa mianzi wala miti mirefu kwa sababu ya kivuli kwa jirani. Mke mwambie maharage ya kupanda kwenye fito, maua mekundu na chakula unapata.

MpangajiWaPeckham

Nimekuelewa. Ngoja nikamjibu jamaa vizuri, ni shemeji.

DadaWaLeeds

Mimi naomba ya atichoki ya Jerusalem, nimepewa mfuko na jirani anacheka cheka sijui kwa nini

BiShamba

Anacheka kwa sababu mbili. Moja utajua ukishakula, kile kizizi kina inulini, aina ya wanga ambayo tumbo haliisagi, inachacha huko chini na usiku nyumba nzima inajua umekula nini. Anza na kidogo. Ya pili ni kwamba ukishaipanda ardhini huitoi, ni ukoo wa alizeti, kiazi chochote kilichobaki kinaota, na wanabaki wengi, wadogo wadogo.

Kwenye chombo inafaa, lita 30 kwenda juu, viazi viwili visizidi. Inaenda mpaka mita 3 kwa hiyo upepo unaangusha chungu, mwezi wa 6 punguza kichwa ibaki mita moja na nusu, na weka tofali zito chini ndani ya chungu. Inakunywa maji sana. Kuvuna ni kama hosradishi, unapindua kwenye turubai, unapekua na mikono. Ukiona umemaliza pekua tena.

KakaMkimya

Ulisema utarudi kwenye uchafu

BiShamba

Kweli, nilisahau. Mizizi uliyokata usiirushe kwenye rundo la mboji. Rundo la alotimenti mara nyingi halipati joto la kuua mizizi, ni rundo la uvivu linaoza polepole, nanaa anaona ni kitanda. Unakuja kumwaga mboji kwenye karoti umepanda nanaa ploti nzima. Mimi nina pipa moja la maji lenye mfuniko, mizizi yote inazama humo na tofali juu mpaka ioze iwe uji, inanuka kweli, halafu ndiyo naimwaga kwenye mboji. Kiangazi naianika juu ya slabu mpaka ivunjike mkononi kama kuni kavu. Usipokuwa na subira pipa la halmashauri la taka za bustani, wao mara nyingi wanapika mboji kwa joto kubwa.

Na ukimpa mtu mche mpe ndani ya chungu na umwambie. Wengi wanapata nanaa kwenye mfuko wa plastiki bila maelezo.

MzeeWaKuzika

Vyombo je? Vijana watakimbilia madukani.

BiShamba

Mzee umenena. Msinunue. Ndoo za mayonezi kwenye mikahawa wanatupa, mapipa ya taka ya zamani, masinki, yale mafuko makubwa ya tani moja ya mchanga ya mafundi (hayo yatandikiwe slabu, kitambaa mzizi unapita). Matairi ulizia kwanza, kamati nyingi zimeyapiga marufuku kwa sababu watu wanaondoka wanayaacha na kuyatupa ni gharama. Chungu cha udongo wa kuchoma kizuri ila kikilowa na jalidi ikipiga kinapasuka, kipandishe juu ya vijiwe maji yasituame.

MuscatKwaBaba

Mama kakata kwa kisu cha mkate, anasema shukran, vipande vitatu vilivyobaki keshagaiwa majirani. Sasa anataka kujua tangawizi na manjano na magimbi nayo ni hatari huko kwenu, ana ndugu yake Cardiff anataka kumpelekea.

BiShamba

Hao huku hawana hatari yoyote, wanaogopa baridi kuliko sisi. Tangawizi na manjano chombo ni kwa ajili ya kuwahamisha, ndani mpaka mwisho wa mwezi wa 5, grinhausini (kibanda cha vioo) kiangazi, ndani tena kabla ya jalidi. Magimbi weka beseni lisilotobolewa uyajaze maji, majani yake peke yake yanatosha mboga. Ila ndugu wa Cardiff asitumiwe kwa posta bila kuuliza, mizizi yenye udongo na mimea ya kupanda kutoka nje inataka cheti cha afya ya mimea, akitaka tangawizi anunue ya kula dukani yenye macho yaliyovimba ailoweke usiku mmoja apande.

DadaWaLeeds ukishakula rudi hapa utupe ripoti.